Sura ya Nne: Kichwa Kinachofaa Mtutu na Mnyama

Ukiingia duka la vifaa vya uwindaji katika mji wowote mdogo wa Pennsylvania au Wisconsin, ukuta wa vichwa vya risasi ndio unaomtisha mgeni. Baruti utaelekezwa na kitabu. Fataki ni za saizi chache. Maganda unayo tayari, uliyaokota mwenyewe uwanjani baada ya kufyatua. Lakini vichwa! Kwa bunduki moja tu ya .30-06 utakuta maboksi ya greni 110, 125, 150, 165, 168, 180, 200, hadi 220. Vingine vina ncha ya plastiki nyekundu, vingine ncha wazi ya madini, vingine tundu dogo mbele, na karibu kila boksi lina picha ya kulungu dume mwenye pembe ambazo wewe na mimi hatutaziona maishani. Mgeni husimama pale dakika kadhaa, kisha huondoka na boksi la bei kubwa kuliko yote, akiamini kwamba pesa ndiyo itakayolenga.

Ushauri wangu ni kwamba uchaguzi uanzie kule kichwa kinakotua. Jiulize unampiga mnyama gani, au ni karatasi tu, na kwa umbali gani. Ukishajibu, rudi nyuma mpaka kwenye mtutu wa bunduki yako. Ukifuata njia hiyo, sehemu kubwa ya ukuta ule hujifuta yenyewe, na yanabaki maboksi mawili matatu ya kawaida kabisa.

Kabla hatujaenda mbali, tuseme habari ya sheria. Marekani, sheria ya shirikisho haimtaki mtu awe na leseni ili ajaze upya risasi za matumizi yake. Leseni inahitajika akizifanya biashara. Ndiyo sababu mifano ya sura hii ni ya kule. Msomaji aliyeko Arusha au Nanyuki asidhani mambo ni hayo hayo kwake. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na kote kuwili kutengeneza risasi bila kibali ni jinai.

Na tuelewane kuhusu majina. Risasi moja kamili ina ganda la shaba ya manjano, fataki kitakoni, baruti ndani na kichwa mbele. Kichwa ndicho pekee kinachotoka mtutuni na kumfikia mnyama. Ndani yake kwa kawaida kuna kiini cha madini ya risasi, na nje jaketi jembamba la shaba nyekundu. Uzito wake hupimwa kwa greni. Greni 7,000 ni ratili moja, kwa hiyo kichwa cha greni 165 kina uzito wa takriban gramu 10.7.

Kipenyo hakina mjadala, basi tukimalize kwanza. Namba iliyo kwenye jina la bunduki na kipenyo halisi cha kichwa ni vitu viwili, na wageni wengi hujikwaa hapa. Bunduki za .30-06, .308 Winchester, .300 Winchester Magnum na .30-30 zote hula kichwa cha inchi 0.308. Ya .270 Winchester hula 0.277. Ya .223 hula 0.224. Ile 6.5 Creedmoor inayopendwa siku hizi, kichwa chake ni inchi 0.264, yaani milimita 6.71, si 6.5. Na .303 ya Waingereza, ile Lee-Enfield waliyoibeba askari wa King's African Rifles, haina uhusiano na 0.308 hata kidogo: yake ni 0.311 au 0.312. Ukiweka kichwa cha 0.308 kwenye mtutu wa .303 kitapwaya, gesi itapita pembeni, na risasi zitatawanyika ovyo kwenye karatasi. Ukifanya kinyume chake, kichwa kinene kwenye mtutu mwembamba, shinikizo linapanda, na hapo hatuzungumzii tena shabaha bali macho na vidole vyako.

Wajerumani walijitengenezea mtego wa namna hii wenyewe. Bunduki yao ya mwaka 1888 ilitumia kichwa cha inchi 0.318. Walipohamia kichwa kipya chenye ncha kali mwanzoni mwa karne ya 20, waliongeza kipenyo hadi 0.323, huku watu wakiendelea kuiita milimita 8 kama zamani. Bunduki za aina zote mbili bado zipo mikononi mwa watu, na vichwa vya aina zote mbili bado vinauzwa. Kwa hiyo usisome jina tu. Soma kipenyo kilichochapwa kwenye boksi, kisha chomoa kichwa kimoja ukipime kwa kalipa kabla hujajaza chochote.

Sasa twende kule kinakotua.

Madini ya risasi ni mazito na laini, na kwa karne nyingi kichwa kilikuwa madini matupu. Mambo yalibadilika baruti isiyotoa moshi ilipovumbuliwa Ufaransa miaka ya 1880 na mwendo ukaongezeka mno. Risasi tupu ikawa inasuguka na kubaki imegandamana ndani ya mtutu. Mswisi Eduard Rubin alikuwa ameshaanza kuvivika vichwa jaketi la shaba mwaka 1882, na majeshi yote yakafuata. Likazuka tatizo la pili. Kichwa kilichofunikwa kote mbele kilipita mwilini bila kubadilika umbo. Kwenye kiwanda cha silaha cha Dum Dum, karibu na Kolkata, Waingereza wakaacha ncha wazi ili madini laini yapanuke yakigonga. Majeraha yalikuwa mabaya kiasi kwamba mkutano wa The Hague wa mwaka 1899 ulipitisha azimio la kupiga marufuku vichwa vya namna hiyo vitani kati ya nchi zilizotia saini.

Mwindaji anapaswa kuigeuza historia hiyo. Kichwa kilichokatazwa kwa askari ndicho anachokihitaji, kwa sababu mnyama anatakiwa afe upesi. Kilichoruhusiwa kwa askari, chenye jaketi kamili, kimepigwa marufuku kwa uwindaji wa wanyama wakubwa katika majimbo mengi ya Marekani, kwa kuwa hutoboa tundu jembamba na kumwacha kulungu akimbie kilomita nzima akifa polepole. Boksi la jaketi kamili ni rahisi na linavutia. Nunua ukitaka kutoboa karatasi. Porini usiende nalo.

Kuna wanyama ambao kanuni hiyo hugeuka tena. W. D. M. Bell, Mskoti aliyepewa jina la Karamojo kutokana na Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, aliua tembo zaidi ya 1,000 mwanzoni mwa karne iliyopita, wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7 na kichwa kirefu kisichopanuka. Fuvu la tembo ni mfupa mnene wenye vyumba vya hewa, na kichwa laini kingesambaratika kabla ya kuufikia ubongo. Bell alijua ubongo uko wapi kutoka kila upande. Wengi waliomuiga hawakujua, na wanyama walilipia ujinga huo. Namtaja kwa sababu ya kanuni iliyomo katika kazi yake: kichwa hakiwi kizuri chenyewe tu, kinakuwa kizuri kwa mwili fulani.

Tuchukue basi mwili wa kulungu wa mkia mweupe, maana ndiye mnyama wa wageni wengi. Kifua chake hakina unene wa kutisha, mbavu zake ni nyembamba, na katika misitu ya mashariki mwa Marekani mara nyingi hupigwa chini ya mita 100. Hapo kichwa cha kawaida cha ncha laini kinatosha. Ukikipasua kimoja kwa msumeno mwembamba kutoka ncha hadi kitako, utaona kazi iliyofanyika ndani. Jaketi ni jembamba sana karibu na ncha, kisha hunenepa kadiri linavyorudi nyuma, na ndani ya ukingo wa mbele baadhi ya viwanda huchora alama ndogo ambazo jaketi litachanikia. Kinapogonga, madini laini husukumwa nyuma, jaketi huchanika kwa kufuata alama zile, na kichwa hupanuka mpaka kukaribia mara mbili ya kipenyo chake. Pale jaketi linaponenepa, upanuzi husimama, na shina linalobaki huendelea kusukuma mbele.

Yote hayo hutegemea mwendo. Vichwa vingi vya aina hii huhitaji takriban futi 1,800 kwa sekunde, kama mita 550, ili vifunguke. Kichwa cha greni 165 kutoka .30-06 huanza na takriban futi 2,800 mdomoni mwa mtutu, kwa hiyo kwa umbali wa kulungu una akiba ya kutosha. Hatari kwa mgeni iko upande wa pili: kichwa laini mno, mwendo mkubwa mno, mfupa wa bega uko karibu, na kinapasuka juu juu bila kuingia ndani.

Ndilo lililomkuta John Nosler wa Oregon mwaka 1946, alipokuwa akiwinda British Columbia kwa bunduki ya .300 H&H Magnum. Mnyama alikuwa moose, yule kulungu mkubwa wa kaskazini, mwili umepakaa tope lililokauka, na vichwa vya Nosler vilivunjika bila kupenya. Alirudi nyumbani akabuni kichwa chenye vyumba viwili vilivyotengwa na ukuta wa shaba katikati. Cha mbele hufunguka na pengine kupotea chote. Cha nyuma, kikilindwa na ukuta, hubaki na uzito wake na kuendelea kupenya. Alianza kukiuza mwaka 1948 kwa jina Partition, na mpaka leo kinatengenezwa. Ni kichwa bora. Kwa moose au dubu ningekichukua bila kufikiri mara mbili. Kwa kulungu wa mita 80, hata hivyo, unamlipia Nosler kutatua shida ambayo huna.

Mgeni pia husikia habari za vichwa vya mashindano, vyenye tundu dogo mbele na usahihi wa ajabu. MatchKing cha Sierra ni mfano unaojulikana sana. Tundu lile si la kupanukia. Limetokana na jinsi jaketi linavyofinywa kuanzia kitakoni kwenda mbele ili kitako kitoke sawasawa kabisa, na kitako sawasawa ndicho kinacholeta usahihi. Kampuni yenyewe haikipendekezi kwa uwindaji: mara kitapasuka, mara kitapita kama sindano, na hujui leo ni siku ipi. Karatasi haijali. Kulungu anajali.

Tukisharudi mtutuni, swali linalofuata ni uzito, na uzito unaongozwa na mifuo. Ndani ya mtutu kuna mifuo inayozunguka, nayo hukizungusha kichwa ili kisipinduke hewani, kama pia inavyosimama wima kwa muda wote inapozunguka kwa kasi. Kichwa kikiwa kirefu, huhitaji kuzungushwa haraka zaidi. Sir Alfred George Greenhill, mwanahesabu Mwingereza aliyefundisha Woolwich, alitoa mwaka 1879 kanuni ambayo bado inafaa kwa makadirio. Chukua 150, zidisha kwa kipenyo kilichozidishwa chenyewe, gawa kwa urefu wa kichwa, vyote kwa inchi. Jibu ni umbali ambao mfuo unatakiwa umalize mzunguko mmoja.

Tujaribu kinyumenyume kwa .30-06, ambayo mifuo yake kwa kawaida humaliza mzunguko kila inchi 10. Kipenyo 0.308 ukikizidisha chenyewe unapata 0.0949, mara 150 ni 14.2; gawa kwa 10, unapata urefu wa inchi 1.42. Hiyo ni nafasi kubwa sana. Nafasi hiyo imetokana na historia. Mtutu wa jeshi la Marekani wa mwaka 1903 ulitengenezwa kwa kichwa kizito cha mviringo cha greni 220. Kisha Wajerumani walipotoa kichwa chao chepesi chenye ncha, Wamarekani nao wakabadili risasi mwaka 1906 na kuweka kichwa cha greni 150, huku mifuo ikibaki ile ile. Ndiyo maana .30-06 humsamehe mgeni makosa mengi: karibu kila boksi la 0.308 pale ukutani litatulia hewani.

Bunduki nyingine hazina huruma hiyo. Mtutu wa .223 wa zamani wenye mzunguko kila inchi 12 hupiga vizuri kichwa cha greni 55, lakini ukikitia kirefu cha greni 77 utaona kwenye karatasi tundu lenye umbo la tundu la ufunguo, maana yake kichwa kimegonga kikiwa ubavu. Mzunguko wa mifuo huchapwa mara nyingi kwenye mtutu wenyewe, karibu na chemba. Usipouona, sukuma fimbo ya kusafishia yenye kitambaa kilichobana, weka alama kwa kalamu, uone imesogea inchi ngapi hadi alama irudi juu.

Angalia kwamba kanuni ya Greenhill inauliza urefu, haiulizi uzito. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo kichwa cha shaba tupu cha greni 165 ni kirefu kuliko mwenzake wa greni zile zile. Kinataka mifuo ya kasi zaidi, na pia kinazama zaidi ndani ya ganda na kuipunguzia baruti nafasi. Nafasi ikipungua, shinikizo linapanda. Ndiyo sababu kipimo cha baruti cha kichwa kimoja hakihamishwi kwenda kichwa kingine ati kwa kuwa greni zimelingana. Fuata kitabu kilichokitaja kichwa chako kwa jina, anza na kipimo cha chini kilichoandikwa, panda kidogo kidogo. Sura ya baruti itarudi hapa kwa urefu.

Mambo mengine ya bunduki yatakuchukua muda mfupi. Risasi iliyokamilika lazima iingie kwenye magazini: kwa .30-06 urefu wa juu uliowekwa ni inchi 3.340, kwa .308 Winchester ni 2.810. Bunduki ya wenzo, ile ya .30-30 yenye magazini ya bomba, risasi zake hupangwa ncha ya moja ikigusa fataki ya iliyo mbele yake. Humo ni vichwa vya ncha bapa, au vile vyenye ncha ya plastiki laini vilivyobuniwa makusudi kwa bomba. Kitako kilichofinywa husaidia kukata hewa kwa mbali. Ndani ya mita 200 hutaona tofauti, na kitako bapa mara nyingi hupiga vizuri zaidi mikononi mwa mgeni na huuzwa bei nafuu. Zile namba za kukata hewa zinazochapwa kwa wino mkubwa kwenye boksi, mimi huziruka. Ni za watu wa mita 600.

Lipo jambo moja la kule kinakotua ambalo wawindaji wa zamani hawakulihesabu. Kichwa cha madini laini kikifunguka huacha vipande vidogo sana vya risasi nyamani, vingine mbali na jeraha. Mwaka 2008 idara ya afya ya North Dakota iliziambia ghala za chakula cha msaada zitupe nyama ya kusaga ya kulungu iliyotolewa na wawindaji, baada ya picha za eksirei kuonyesha vipande hivyo. Matumbo yanayoachwa porini nayo huliwa na ndege. Tai wakubwa wa California, kondori, walikuwa wamebaki 27 tu duniani mwaka 1987, na sumu ya risasi bado ni miongoni mwa vitu vinavyowaua zaidi. Tangu tarehe 1 Julai 2019 California hairuhusu madini ya risasi katika uwindaji wowote. Kwa hiyo mgeni wa huko hana uchaguzi: ni shaba tupu, na bei yake mara nyingi hukaribia maradufu. Vichwa vya shaba vinafanya kazi vizuri, mradi uvipe mwendo. Mimi ningechagua uzito wa chini kidogo, greni 150 mahali pa 165, ili kiende haraka na kisiwe kirefu mno. Hata nje ya California, ikiwa nyumbani kuna watoto wadogo au mama mjamzito wanaokula nyama hiyo, sioni sababu ya kubishana kuhusu tofauti ya bei.

Kwa wengine wote, mwenye .30-06 au .308 anayewinda kulungu anunue boksi moja la vichwa 100, greni 150 au 165, ncha laini, kitako bapa, kutoka kampuni yoyote kubwa iliyochapisha kitabu chake cha vipimo. Anunue na kitabu hicho. Kabla ya baruti kuguswa, ajaze risasi moja isiyo na baruti wala fataki, aipitishe magazini na chembani mara kadhaa, kisha aitoe na kuitazama kwa mwanga wa dirisha. Mikwaruzo inayong'aa mbele ya kichwa, iliyopangwa kwa nafasi sawa kuzunguka jaketi, ni alama za mifuo. Kichwa kimekaa nje mno na kinapaswa kusukumwa ndani zaidi. Kikitoka safi, na urefu haujabadilika kwenye kalipa, anaweza kuendelea.

Boksi likikaribia kwisha, anunue la pili kabla la kwanza halijaisha kabisa, na aangalie namba ya toleo ubavuni. Matoleo ya kampuni moja hutofautiana kidogo kwa urefu na umbo la ncha. Apige risasi tano za boksi la zamani na tano za jipya kwenye karatasi moja, siku moja. Makundi mawili yakiangukia mahali pamoja, avichanganye. Yasipoangukia pamoja, alitenge boksi jipya na airekebishe darubini upya siku atakayolifungua.